Dawa imeingia, itatokea wapi?

Kwenye chumba changu cha kliniki ya sukari na presha kuna meza ndogo yenye kitambaa cha plastiki cha maua. Mgonjwa akiketi, kabla sijafungua daftari lake, namwomba amwage pale dawa zote anazotumia: za hospitali, za duka la dawa, alizotumiwa na ndugu, na mizizi iliyolowekwa kwenye chupa ya maji. Wengi huleta mbili na kuniambia, "Hizi ndizo za daktari, sista." Mimi nazitaka zaidi zile zilizobaki nyumbani juu ya kabati.

Barua za mwezi huu nimezisoma kwa jicho hilohilo. Zimetoka kwa watoto wanaouguza wazazi, kwa baba mmoja, na kwa muuguzi mwenzangu. Nimekata salamu ndefu, mnisamehe, ili nafasi ibaki kwa majibu.

*

Sista, shikamoo. Mama yangu ana miaka 71, ana sukari na presha. Tangu mwezi uliopita, alfajiri anatoka jasho mpaka shuka linalowa, anatetemeka, anaongea vitu visivyoeleweka. Juzi hakumtambua mjukuu anayelala naye chumba kimoja. Nilipomnywesha chai ya sukari akarudi sawa kabisa. Majirani wanasema ni jini, shangazi anasema ni uzee. Kwa sukari anatumia metformini, na glibenklamidi kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni; kwa presha enalaprili, na kile kidonge cha kukojoza. Magoti yakimsumbua tunamnunulia diklofenaki. Jioni siku hizi hali, anakunywa uji kikombe kimoja. Tumpeleke wapi?
Binti yake, Kondoa

Marahaba, mwanangu. Nusu ya jibu umeiandika mwenyewe pale uliposema habari ya chai. Jini haliondoki kwa vijiko vya sukari. Sukari ya mama yako inashuka mno usiku, na ninavyoisoma orodha yako, kinachomshusha ni glibenklamidi.

Nikueleze inavyofanya kazi, maana ukielewa hutasahau. Glibenklamidi hulikamua kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari. Haiulizi kama mtu amekula au hajala, yenyewe inakamua tu. Kidonge kimoja kinaweza kuendelea na kazi hiyo mpaka saa 24, na mabaki yake, ambayo nayo bado yana nguvu, hutegemea figo kuyatoa mwilini. Figo za mtu wa miaka 71, hata asipokuwa na ugonjwa wowote wa figo, hazichuji kama alivyokuwa na miaka 30. Kwa hiyo cha jana hakijatoka, cha leo kimeingia, na tumboni kuna kikombe cha uji. Shirika la Afya Duniani lilipopitia orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2013, liliiweka gliklazidi, dawa nyingine ya sukari, mahali pa glibenklamidi na kuandika wazi kwamba glibenklamidi haiwafai watu waliozidi miaka 60. Lakini ni dawa ya bei nafuu, ipo kila mahali, na wazee wetu wengi bado wanaitumia kwa sababu waliandikiwa zamani wakiwa na miaka 50 na hakuna aliyerudi kuuliza tena.

Sasa nije kwenye diklofenaki, ambayo uliitaja mwishoni kama kitu kidogo. Chukulia figo ni shamba la mboga linalomwagiliwa kwa mfereji. Kidonge cha kukojoza kinapunguza maji ya mto. Enalaprili inafungua mlango wa kutokea maji shambani, ambalo ni jambo jema, linalinda shamba lisifurike. Diklofenaki inakuja kubana mlango wa kuingilia. Kila moja peke yake shamba linaweza kuvumilia. Zote tatu kwa pamoja, shamba linakauka. Na figo zikikauka, glibenklamidi ndiyo inazidi kulundikana. Sitashangaa ukiniambia jasho la alfajiri lilianza majira yaleyale magoti yalipozidi na diklofenaki ikaanza kuliwa kila siku.

Fanya hivi. Diklofenaki iache leo, na ndugu zake wote: ibuprofeni, piroksikamu, na vile vidonge vya rangi vinavyouzwa viwiliviwili kwenye kipande cha gazeti. Kwa magoti mpe parasetamoli apate nafuu. Likitokea tena jasho na kuchanganyikiwa, kama mna kipimo cha kidole mpime; ikiwa chini ya 4 (mmol/L), au kama kipimo hamna, usisubiri uthibitisho: vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe. Dakika 15, mpime au mwangalie tena, rudia kama bado. Akishakaa sawa ale chakula cha kushiba, viazi au ugali, si uji mwepesi. Akiwa amezimia au hawezi kumeza, usimtie kitu cha kunywa mdomoni, kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu mtoke naye mbio.

Na hapa nisikilize vizuri. Hata akizinduka, hata akicheka, nenda naye hospitali siku hiyohiyo, na dozi ya glibenklamidi inayofuata usimpe mpaka aonwe. Nina sababu ya kulisema hili kwa nguvu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini, aliletwa usiku mzee mmoja amezimia, sukari 1.6. Tukamsukumia glukosi ya 50% mshipani. Ndani ya dakika chache akafungua macho akauliza viatu vyake viko wapi. Wodi nzima tulifurahi. Wodi ilikuwa imejaa, familia ilikuwa na baiskeli mlangoni, akaruhusiwa. Mimi ndiye niliyemfunga kamba za viatu. Saa kumi alfajiri alirudishwa amezimia tena, na safari hiyo hakuamka. Kidonge alichokunywa jioni kilikuwa bado kinakamua wakati sisi tulishamaliza kazi yetu. Tangu siku ile, mgonjwa wa glibenklamidi ambaye sukari yake imeshuka haondoki mbele yangu kabla ya kulala na kupimwa usiku mzima, hata nikikosana na mtu.

Kliniki muombe mambo matatu: kipimo cha figo kinachoitwa kreatinini, kipimo cha sukari ya miezi mitatu, na kubadilishiwa glibenklamidi. Kipimo cha figo ndicho kitakachosema pia kama metformini iendelee kwa kiasi kilekile, ipunguzwe, au isimame. Usikubali kurudishwa nyumbani kwa maneno "sukari yake ni nzuri sana". Kwa mzee, sukari ya asubuhi ya 7 au 8 haina aibu. Ya 3 ndiyo inayomwangusha chooni akavunjika nyonga.

*

Assalaam alaykum. Mimi nafanya kazi Muscat, mama yuko Wete, Pemba. Namtumia dawa za presha kwa kila anayekwenda nyumbani, na hospitali pia wanampa zao. Miguu imemvimba tangu miezi mitatu nyuma. Mdogo wangu akamnunulia dawa ya kukojoza. Uvimbe haukupungua, na sasa akisimama anaona kiza. Nimtumie dawa gani ya uvimbe?
Mwanawe

Wa alaykum salaam, mwanangu. Allah akulipe kwa mama. Lakini kwanza usitume chochote.

Mwambie mdogo wako achukue kila karatasi ya vidonge, aigeuze nyuma, apige picha akutumie. Usiangalie jina kubwa la rangi, hilo ni la kampuni. Tafuta maandishi madogo chini yake, ndipo jina la dawa yenyewe lilipo. Nadhani utalikuta neno amlodipini mara mbili: moja kwenye boksi lako la Muscat, moja kwenye karatasi ya hospitali ya huko. Majina ya mbele tofauti, rangi tofauti, dawa moja. Kiwango chake cha juu ni 10 mg kwa siku. Mama anaweza kuwa anakula 20 na kila mmoja wenu anadhani yake ndiyo inayotibu.

Amlodipini hulegeza mishipa ya damu, hivyo presha hushuka, na maji huvuja kuelekea vifundoni, zaidi kwa wanawake na zaidi dozi ikiwa kubwa. Uvimbe wa namna hiyo hausababishwi na maji kuzidi mwilini, kwa hiyo dawa ya kukojoza haiutoi. Inachofanya ni kukausha damu, na mama akisimama damu haifiki kichwani. Kizunguzungu kikiendelea, ataanguka au atapewa dawa ya kizunguzungu, ikawa ya tatu. Wauguzi wenzangu mnaosoma hapa, hii njia tunaijua: dalili ya dawa inatibiwa kwa dawa, na ile nayo inaleta dalili. Mgonjwa akija na tatizo jipya, swali la kwanza liwe ni dawa gani iliingia kabla halijaanza.

Aende kliniki na mfuko wote, cha kukojoza kikiwemo, apimwe presha akiwa ameketi na akiwa amesimama, na daktari auangalie moyo na figo pia, kwani uvimbe una sababu nyingine na sitaki kubahatisha kutoka mbali. Wakichagua dawa ya presha, iwe ya upande mmoja tu. Kama ni ya hospitali ya Wete, wewe tuma pesa ya nauli ya kliniki na mashine ya kupimia presha. Mashine ile ina faida kuliko boksi la pili.

*

Sista, mimi ni muuguzi mkunga kituo cha afya, mkoa wa Lindi, mwaka wangu wa pili kazini. Tulipata mama wa kifafa cha mimba, tukampa magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege. Kila baada ya saa 4 dozi ikifika, mimi napima goti (kama mguu unaruka likigongwa), pumzi na mkojo. Mwenzangu mkubwa kazini anasema nachelewesha dozi, na kwamba nyundo ya kupimia goti hatuna, basi niache. Je, naogopa bure?
Mkunga

Huogopi bure, mdogo wangu. Endelea.

Nianze na sifa za dawa yenyewe, maana wapo wanaoiogopa mpaka wanainyima. Utafiti wa Magpie uliotoka mwaka 2002, wenye wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi nyingi, ulionyesha kwamba magnesiamu salfeti inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu kwa mama mwenye presha kali ya mimba. Ni dawa ya bei ndogo inayookoa mama. Kwa hiyo hatupimi goti ili tupate kisingizio cha kutoitoa. Tunapima ili tuweze kuitoa tena.

Magnesiamu hutoka mwilini kwa njia moja tu, figo. Na kifafa cha mimba ni ugonjwa unaozipiga figo. Unaona basi: dawa ina mlango mmoja wa kutokea, na ugonjwa umekaa mlangoni. Ikilundikana, inafuata mpangilio usiobadilika. Goti ndilo linalonyamaza kwanza. Ikiendelea kupanda, pumzi inasimama. Mwisho ni moyo. Goti linakupa taarifa wakati bado una muda wa kufanya kitu, na mwenzako anayeliruka anachagua kusubiri taarifa ya pili.

Nyundo haihitajiki. Pitisha mkono wako wa kushoto chini ya goti la mama, linyanyue kidogo mpaka mguu ulegee kabisa juu ya mkono wako; akikaza, mzungumzishe jina la mtoto huku unasubiri. Kwa ukingo wa kiganja cha kulia, upande wa kidole kidogo, gonga kano iliyo chini tu ya pia ya goti. Gonga kwa kuachia, usikandamize. Mguu ukiruka, au hata ukiona tu msuli wa paja unashtuka, una jibu. Hesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya ukutani: ziwe 16 au zaidi. Mkojo katika mfuko: usipungue 30 ml kwa saa, maana yake 120 ml tangu dozi iliyopita. Moja kati ya hayo matatu likikosekana, dozi inasubiri, na unamwita daktari au unapiga simu ya rufaa. Yote hayo hayazidi dakika tatu. Mwambie mwenzako hivyo kwa upole, na mwombe akushikie tochi usiku ukipima.

Vichupa vya kalsiamu glukoneti viwe kando ya kitanda, si kabatini kwa mfawidhi mwenye ufunguo. Mama akiacha kupumua, msaidie kupumua kwa ambubagi, ule mfuko wa kusukumia hewa, kwanza, kisha kalsiamu glukoneti 1 g, ndiyo 10 ml ya 10%, taratibu mshipani. Mimi huibandika kwa plasta ubaoni juu ya kichwa cha mama pamoja na bomba lake.

Na jambo moja ambalo hukuuliza lakini limenikaa moyoni: ile dozi ya kuanzia ya mshipani. Magnesiamu yetu huja kwa nguvu ya 50%. Haiingii mshipani hivyo. Ukitaka 4 g, chota 8 ml, ongeza maji ya sindano 12 ml, upate 20 ml ya 20%, kisha sukuma polepole, dakika 5 mpaka 20. Mwambie mama mapema kwamba atasikia joto linapanda mwilini, asishtuke. Yale 10 g ya misuli, 5 kila tako, yanakwenda kwa 50% pamoja na 1 ml ya lignokaini, dawa ya ganzi, kwa sababu yanauma sana. Nimewahi kuona mtu mwerevu, amechoka, saa nane usiku, akichanganya bomba hizi mbili. Tangu hapo naandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila bomba, MSHIPA au TAKO, kabla sijaliweka kwenye trei.

*

Mwanangu wa miaka 9 anachoma insulini. Hatuna friji, na huku Manyoni kuna joto. Mke wangu ameiweka kwenye mtungi wa maji. Inafaa?
Baba

Mke wako ana akili, mpe heko. Mtungi wa udongo hupoza kwa sababu maji yanatoka polepole kwenye vinyweleo vyake na kukauka hewani, na hewa kavu ya kwenu inausaidia sana. Pwani kwenye unyevunyevu haupoi hivyo. Uboreshe kidogo: mtungi mkubwa, ndani yake mdogo, kati yake mchanga uliolowa, kitambaa chenye maji juu, kivulini penye upepo. Chupa ya insulini iwe ndani ya kopo lenye mfuniko ili isilowe. Chupa ambazo hazijafunguliwa ziombeni zikae kwenye friji ya kituo cha afya, mchukue mojamoja. Siku mnayoifungua andikeni tarehe kwenye lebo. Baada ya wiki 4 itupwe hata kama imebaki. Ile insulini yenye rangi ya maziwa iviringishe taratibu kati ya viganja mpaka iwe rangi moja, usiitikise kama soda. Ile iliyo angavu kama maji ikionyesha ukungu, haifai tena. Na mtu akijitolea kukupa nafasi kwenye friza lake, mshukuru ukatae: insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka.

Sindano za mtoto ziwe za insulini, zenye alama za yuniti 100. Ukizikosa, usipime kwa sindano ya kawaida kwa makadirio. Njoo kliniki tukupe.

*

Shikamoo Sista. Baba ana saratani ya tezi dume, imefika mifupani. Alipewa chupa ya maji ya mofini kwa maumivu. Baba mdogo anasema hiyo ni dawa ya mwisho ya wanaokufa, kaka anasema baba atakuwa teja. Kwa hiyo tunampa akilia tu, halafu tunanyamaza hadi alie tena. Amepata choo kigumu siku ya tano leo. Dada aliyeolewa Masaka anasema huko Uganda jirani yake aliandikiwa mofini na nesi, si daktari. Kweli? Anataka kutuletea chupa iliyobaki.
Kijana, Bukoba

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na mpe baba pole yangu.

Nianze na dada. Ni kweli. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni zake, ikawaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa, ile ya kutuliza maumivu na mateso, kuandika mofini. Hospice Africa Uganda, shirika la tiba hiyo, ilikuwapo tangu 1993, ikianzishwa na Dk. Anne Merriman, na wahudumu wake walikuwa wanawafuata wagonjwa majumbani wakikuta maumivu yapo, dawa ipo, lakini wa kuandika hayupo. Muuguzi ndiye aliyekuwa kitandani, basi akapewa kalamu, kwa masharti ya mafunzo na ya kuhesabu kila mililita. Natamani kila nchi yetu ifike hapo, na nimesema hivyo kwenye kila kikao nilichoitwa.

Lakini chupa yake isivuke mpaka. Sababu ni hii. Maji ya mofini hutengenezwa kwa nguvu tofauti, na Uganda huzitofautisha kwa rangi. Ya kijani ni nyepesi, 5 mg katika kijiko cha 5 ml. Zipo nyingine zenye nguvu mara 10 na mara 20 katika kijiko kilekile. Ninyi hapo mmezoea mililita kadhaa za chupa yenu, mkimimina kiasi hicho kutoka chupa nyingine mnaweza kumuua. Daima soma lebo: mg ngapi ndani ya ml ngapi. Mtu akikuambia "mpe 5", muulize 5 za nini. Chupa ya jirani irudishwe hospitali iliyoitoa.

Sasa baba. Mnampa akilia, maana yake mnayangoja maumivu yapande mpaka juu, ndipo mnayakimbiza. Mofini ya maji inafanya kazi kwa saa 4 hivi. Itolewe kwa saa: 12 asubuhi, 4, 8 mchana, 12 jioni, na saa 4 usiku dozi hiyo mara mbili ili alale mpaka asubuhi bila kuamshwa. Kiasi ni kile alichoandikiwa, kipimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko cha jikoni. Maumivu yakichomoka katikati, apewe dozi moja ya ziada, muandike saa, na ile ya ratiba iendelee palepale. Baada ya siku mbili muleteni daftari. Za ziada zikiwa nyingi tutapandisha ile ya kawaida. Hatupandishi kwa sababu amezoea vibaya, tunapandisha kwa sababu mfupa unauma zaidi.

Kwa kaka: teja anatafuta dawa ili aisahau dunia. Baba anaitaka ili aweze kukaa kitini, ale ndizi na familia, amalizie maneno anayotaka kumwambia kila mmoja wenu. Mwili wake utaizoea, ndiyo, kwa hiyo haikatishwi ghafla, hupunguzwa kidogokidogo ikibidi. Kuzoea huko hakumfanyi kuwa teja. Kwa baba mdogo: nimewaona watu wakiitumia miezi na miezi wakienda shambani kuangalia migomba yao.

Choo kigumu ndicho kosa letu, wauguzi. Mofini hupunguza mwendo wa utumbo karibu kwa kila mtu, na utumbo hauizoei hata baada ya miezi. Alitakiwa kupewa bisakodili, dawa ya kufungua choo, siku ileile aliyopewa mofini. Nendeni kesho muiombe; siku ya tano, anaweza kuhitaji dawa ya kupitishwa nyuma kwanza. Uganda huwafundisha familia pia kukausha na kusaga mbegu za papai kwa kazi hii. Choo cha baba kikishafunguka, bisakodili iwe dawa ya kila siku kama mofini yenyewe.

Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo msiuogope, ana deni la kulala. Kinachonitia hofu kwa baba yako ni mkojo. Tezi dume likiziba njia, mkojo unarudi nyuma, figo zinachoka, na mofini, sawa na vile vidonge vya mama wa Kondoa na ile magnesiamu ya Lindi, inakosa pa kutokea. Kwa hiyo mhesabu. Wekeni jagi la plastiki lenye alama, kila anapokojoa muandike kiasi na saa pembeni ya saa za mofini, kwenye ukurasa huohuo. Mkojo ukipungua sana au ukikoma, misuli ikaanza kurukaruka yenyewe, au haamki mkimtikisa, au pumzi ziko chini ya 10 kwa dakika, msimpe dozi inayofuata. Mpelekeni na daftari lenu. Mara nyingi mpira wa mkojo tu unarudisha mambo, na dozi inapangwa upya.

Chupa ifungiwe mbali na watoto. Na msingoje alie tena: anzeni na dozi ya leo ya saa 12 jioni, mmoja wenu aweke kengele kwenye simu, mwingine ashike kalamu.